Miguu ya Ubao wa Batuli

Jiko la Chekechea,
Kijiji cha Ujamaa Mwanzugilo, Nzega.
12 Januari 1975

Kwa mdogo wangu Mfaume,

Mimi niko salama, na kama nawe uko salama basi nusu ya barua imekwisha. Mvua imekuja mwaka huu, tumshukuru Mungu. Mahindi yamefika magotini, na ule unga wa yanga, wa yale mahindi ya njano ya msaada ya mwaka jana, tunaumalizia kwa kuuonea huruma tu. Mbuzi wangu amezaa mapacha. Msalimie wifi yangu Swaumu, umwambie kanga aliyoniletea sikukuu ya Idi naivaa kila siku, haijachuja.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Ule ubao wa kukatia niliokuagiza kwa mdomo wa dereva Dionis umefika. Mzuri, siwezi kusema uongo. Mninga umeng'aa mpaka jirani yangu Koleta akauliza kama ni wa kutundika ukutani. Lakini unateleza, Mfaume! Meza ya jiko letu fundi Masele ameijenga kwa saruji, akaisugua ikawa laini kama sahani. Nikishusha kisu, ubao unakwenda zake, kitunguu kinakwenda zake, mimi nabaki nimeshika kisu kama jambazi.

Juzi mboga ya watoto sitini na wawili ilichelewa mpaka wengine wakasinzia mkekani bila kula. Mwenyekiti wetu, Limbu, alikuwepo. Hakunigombeza. Alisema tu, mbele ya wanawake wote, kwamba baada ya mavuno, mwezi wa sita, kikao kitachagua mpishi upya, mtu mwenye kasi. Mdogo wangu, jiko hili silitoi kwa mtu. Nitafutie miguu ya ubao isiyoteleza.

Ni mimi dada yako,
Batuli binti Shomari


Kanyenye, Tabora.
1 Februari 1975

Dada Batuli, shikamoo.

Barua yako imelala chini ya kiti cha Dionis siku kumi na mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa, usinitukane. Huku hatujambo. Swaumu anakohoa vumbi la mbao lakini hataki nihamishie kazi nje, anasema atakosa wa kugombana naye. Shangazi Tatu wa Mtendeni meno yamekwisha yote, ulimi umebaki mzima. Anakuulizia kila Ijumaa.

Nimeudhika na nimecheka. Nimeudhika kwa sababu wapishi wa hoteli wananunua mbao zangu mwaka wa tisa huu na hakuna aliyeniambia zinateleza. Nimecheka kwa sababu, dada, wewe na ubao wapi na wapi? Ubao ni wa wapishi wa hoteli, wanaume wenye kofia nyeupe. Mama alikatia mkononi, kitunguu kiganjani, kisu kikija kwenye dole gumba. Nawe ulikuwa unakata mchicha huku unatazama nani anapita barabarani, na hukuwahi kujikata. Mwanamke wa Tabora kuomba ubao ni sawa na kuomba ngazi apande kitandani! Tangu lini?

Haya, mkubwa akiagiza mdogo haulizi maswali. Nimempa Dionis akuletee donge la nta ya Sikonge, nimelichanganya na ulimbo. Lipashe moto, tengeneza vidonge vinne, bandika chini ya ubao kwenye pembe. Ulimbo unaoshika ndege mwenye mabawa utashindwa na ubao?

Mdogo wako,
Mfaume


Mwanzugilo, Nzega.
2 Machi 1975

Mfaume wa mama yangu,

Marahaba. Mpe pole Swaumu, achemshe majani ya mpera. Hapa wote wazima isipokuwa sikio la Mwenyekiti Limbu, na habari za sikio hilo utazipata sasa hivi.

Nilifanya kama ulivyosema. Siku ya kwanza ubao ulitulia, nikakuombea dua. Siku ya pili jua lilikuwa kali, jiko likapata joto, nta ikaanza kulainika na kunukia. We baba! Saa nne nikaona nyuki mmoja. Nikamwambia karibu. Saa nne na nusu walikuwa kijiji kizima, nao hawakuwa na mwenyekiti. Watoto tuliwaingiza ghalani. Koleta alijifunika sufuria kichwani. Limbu alikuja kuuliza kelele ni za nini, akachomwa sikio, likavimba kama andazi. Walipoondoka, ubao ukawa umegandana na meza, wanaume wawili na ndoo ya maji ya moto ndio waliouchomoa. Fundi wewe, unamlia nyuki asali yake kisha unamwekea nta mezani, unadhani hatakuja kudai?

Umeuliza tangu lini nakatia ubaoni. Bwana afya alipita, akasema chakula cha watoto kikatwe juu ya ubao safi. Basi.

Kikao kimepangwa tarehe saba ya mwezi wa sita. Wanaotaka jiko ni wawili zaidi yangu, vijana, wana nguvu. Nakuomba usinifanyie mzaha katika hili.

Dada yako,
Batuli


Kanyenye, Tabora.
30 Machi 1975

Dada, shikamoo. Na shikamoo ya pili mpelekee Mwenyekiti, iwe ya kuomba radhi kwa sikio lake.

Swaumu alicheka mpaka kikohozi kikapona. Huku Tabora sukari imeadimika, tunakunywa chai kwa kuitazama. Shangazi Tatu amekataa kunywa ya namna hiyo, anasema atasubiri.

Nimekwenda kwa mshona makatambuga pale sokoni, nikachagua tairi lililolika vizuri. Nimekutengenezea ubao mpya, nikapigilia chini vipande vinne vya tairi kwa misumari. Huu hautakwenda popote. Makatambuga hayo ndiyo yanayotembea na watu mpaka Sikonge na kurudi, matope na yote.

Jambo jingine. Mwandiko wako. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, ukanichapa rula vidoleni kwa mstari uliopinda. Sasa barua yako inapanda mlima, inashuka bondeni, na pembeni pana duara la masizi kama mtu ameweka sufuria juu ya karatasi. Unaandikia wapi, mgongoni mwa mbuzi?

Chumba cha uani kiko wazi. Swaumu amekipaka chokaa. Shemeji Bundala ametangulia, Mungu amrehemu, sasa huko unakaa na nani? Njoo nyumbani. Habari ya mazishi sitaki kuizungumza, naomba tuiache ilipo.

Mfaume


Mwanzugilo, Nzega.
22 Aprili 1975

Mfaume,

Marahaba. Wote wazima.

Sikuomba chumba. Niliomba miguu.

Tairi linashika, hilo nakubali. Lakini meza ya Masele ina kilima kidogo katikati ambacho macho hayakioni, ubao unakiona. Miguu mitatu inakanyaga, wa nne unaning'inia, basi nikikata unakwenda kama punda mwenye kwato mbovu: ko, ko, ko. Watoto wanaucheza ngoma. Tena vichwa vya misumari vinakwaruza saruji, na tairi linaacha weusi. Mafiga ni mangapi, fundi? Matatu. Umewahi kuona chungu kikiyumba juu ya mafiga, hata chini pakiwa na mashimo? Wanaume mnatengeneza vyote kwa miguu minne kwa sababu mnafikiria vitanda.

Nimeurudisha ubao kwa Dionis. Zimebaki wiki sita na siku nne.

Habari ya mazishi umeitaja wewe, mimi sikuitaja.

Batuli


Kanyenye, Tabora.
6 Mei 1975

Dada yangu Batuli, shikamoo.

Leo sitaanza na habari za nyumbani. Wote wapo.

Niliufungua ule ubao hapa kibandani nikiwa nimejiandaa kukasirika kwa ajili ya miguu yangu minne. Nikaugeuza. Nikaona tundu la msumari katikati, limetobolewa kutoka chini hadi juu. Nikawaka. Nilimwambia Swaumu, tazama, dada amempa mtu autoboe mninga wangu! Nikachukua patasi nipanue tundu nizibe kwa kijiti. Halafu nikanusa. Tundu linanuka kitunguu.

Nikakaa chini. Alama za kisu zimelizunguka tundu pande zote, kwa ukaribu ambao mtu mwenye vidole pale hawezi kukata. Umeutoa msumari kabla ya kunirudishia, lakini tundu ulishindwa kulitoa. Mtu gani anachoma kitunguu msumarini ndipo akikate? Ni yule asiye na mkono wa kukishikia. Na sufuria ile juu ya karatasi ilikuwa inashika karatasi. Na ubao wenyewe uliuomba kwa sababu kiganja hakipo. Bwana afya hakupita, dada. Umenidanganya kwa herufi zako mwenyewe.

Ni mkono gani? Ni lini? Uliuguzwa na nani?

Sasa na mimi niseme langu. Bundala alisilimu kwa ajili yako, nami bado nilimwita mtu wa porini siku ya ndoa, mbele ya wageni. Alipofariki nilipata habari mapema. Dionis alinisubiri na lori likiwa linanguruma. Nikasema nina kazi ya hoteli. Kazi haikuwepo. Niliona haya kwenda kumzika mtu ambaye sikumwomba radhi. Babu yetu alipita njia hiyohiyo kwa miguu, jino la ndovu begani, mwezi mzima. Mimi nilishindwa kupanda lori kwa siku moja. Ningekuja, huenda ungeniambia mambo yako, usingeyaficha. Nisamehe.

Sitakwambia tena habari ya chumba mpaka unijibu.

Mdogo wako,
Mfaume


Mwanzugilo, Nzega.
16 Mei 1975

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba tena.

Ni wa kushoto. Ni mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kwenye shamba la kijiji. Tulikuwa tunalima kwa maksai, nami nilishika kamba ya mbele. Niliizungusha mkononi mara mbili kwa uvivu wa kushika. Nyoka akapita, ng'ombe wakakurupuka. Hospitalini walikata vidole vitatu, viwili vilivyobaki vipo kama wageni, havifanyi kazi. Koleta ndiye aliyeniuguza. Aliniogesha wiki tano, Mfaume, huku ana watoto wake sita.

Sikukwambia kwa sababu nilikujua. Ungekuja na Dionis siku hiyohiyo, ungenibeba kama kabati. Chumba cha uani, chokaa, Swaumu ananiletea uji, Shangazi Tatu ananililia kila Ijumaa. Mnanipenda, najua. Lakini Kanyenye nitakuwa dada yake Mfaume aliyekatika mkono. Hapa nina jiko. Sikujaliwa mtoto, wewe unajua, na sasa kila asubuhi watoto sitini na wawili wananiuliza mimi, si mtu mwingine, leo tunakula nini. Bundala amelala nyuma ya shamba la karanga, nami napita pale nikienda kuteka maji. Nikinyang'anywa jiko, sina sababu ya kubaki hapa. Nitakuja Kanyenye, nitakuja nikiwa nimekwisha.

Limbu na wengine wanajua niliumia, lakini hawajauona. Nauficha ndani ya kanga. Najua wanasema pembeni kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Sijawajibu.

Bundala hakuwahi kukuwekea kinyongo. Alikuwa akikuita "yule shemeji yangu mkali wa randa", akicheka. Mimi ndiye niliyekuwekea, na sasa nimechoka nacho, kizito.

Nipe miguu mitatu. Na msumari nirudishie, wa maana usiopata kutu.

Batuli


Kanyenye, Tabora.
27 Mei 1975

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nami sitaandika ninachokisikia moyoni kwa sababu Swaumu amesimama mgongoni anasoma. Anasema nikwambie kile chumba amekwisha kuweka kuku.

Ubao huu ni wa duara. Miguu mitatu, imekaa ukingoni kabisa, maana ikisogea ndani ubao utapinduka ukikatia pembeni. Tairi nimeliacha, ni gumu mno, linakanyaga kwa ncha tu. Nilijaribu kamba ya katani, ikanywa maji ikanuka. Nikajaribu ngozi ya mbuzi, ikalowa ikawa utelezi mtupu. Ndala za Swaumu nilizikata bila ruhusa, zikabonyea kama sponji, na ugomvi wake bado ninao. Kilichoshinda ni tyubu ya lori, mpira laini, nimeikunja mara tatu, na skrubu nimezizamisha ndani sana hata chuma kisiguse saruji. Juu kuna misumari miwili ya shaba, na upande mmoja ukingo wa kuegemezea mchicha.

Nimeujaribu mwenyewe. Nilifungwa mkono wa kushoto kiunoni kwa kamba, nikamwaga maji ya sabuni kwenye sakafu ya saruji, nikauweka ubao, nikakata vitunguu kilo nzima. Haukusogea. Nililia, na si kwa vitunguu peke yake.

Dionis hatauleta. Nauleta mimi, Jumanne tarehe tatu. Siji kukuchukua, usifunge mzigo wala usinifiche mbuzi. Nakuja kuusawazisha juu ya meza yako, kisha unipeleke nyuma ya shamba la karanga. Alhamisi narudi.

Mfaume


Mwanzugilo, Nzega.
15 Juni 1975

Mdogo wangu Mfaume,

Marahaba. Najua ulifika salama, Dionis kaniambia ulilala njia nzima mdomo wazi. Wasalimie wote. Mwambie Swaumu maandazi yake yalikwisha kabla ya jioni, na vidole vya Koleta vinahusika.

Sasa kikao, kwa kuwa uliondoka siku mbili kabla na najua hulali. Kilifanyika palepale jikoni. Waliwasikiliza wale wengine wawili kwanza, na wana haki, ni wapishi wazuri. Halafu Limbu akasema, "Mama Batuli, hatuna neno na mapishi yako. Tunauliza, mtu wa mkono mmoja ataweza?" Nilikuwa nimepanga maneno, Mfaume, nimeyapanga wiki nzima, yote yakanitoka.

Nikaweka ubao mezani. Nikachoma kitunguu, nikakata. Nikachoma cha pili, cha tatu. Limbu akaja mwenyewe, akauweka mkono kwenye ubao akausukuma. Akausukuma tena kwa bega. Masele akaanza kupiga kelele, jamani meza yangu! Watu wakacheka, na kile kicheko kikanipa nguvu ya kuendelea. Nilikata vitunguu ishirini na mchicha wa beseni zima kabla sufuria haijachemka. Limbu akasema mwenye neno aseme. Jiko limebaki langu. Na wanawake watano wanataka ubao kama huu, wote wana mikono miwili mizima, kwa hiyo jiandae.

Lakini kuna kitu nataka nikuandikie, maana kwa mdomo nitashindwa. Siku zile tatu ulizokaa hapa sikukuonyesha mkono, nawe hukuniomba. Kaburini ulisimama sana, sikukusikia ulichomwambia Bundala, sitaki kujua, ni yenu. Ila Alhamisi, lori likipiga honi, nilikupa mkono wa kulia kukuaga, nawe hukuupokea. Uliingiza mikono yako miwili ndani ya kanga, ukautoa ule wa kushoto, ambao hata ukiwa mzima haupewi mtu kwa salamu. Ukainama, ukaubusu, ukasema, "Shikamoo, dada." Mbele ya Dionis na abiria wote.

Limbu alipouliza kama nitaweza, nilivua kanga begani nikaitundika kwenye msumari wa mlango. Nilikata vitunguu vyote vile mkono ukiwa nje, watu wote wanauona. Mpaka leo kanga bado ipo pale mlangoni.

Dada yako akupendaye,
Batuli binti Shomari